Mama mkwe anataka mti wetu ukatwe, na mume wangu amekubali bila kuniuliza

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga. Naishi na mume wangu na watoto wawili katika kitongoji kimoja nje ya Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani. Ni muuguzi, nafanya zamu za usiku. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Nyumba hii tulihamia mwaka 2021, na ndiyo ya kwanza kununua maishani mwetu. Hati ina majina yetu wote wawili.

Mbele ya nyumba, upande wa magharibi, kuna mti mkubwa wa magnolia, ile aina isiyopukutika majani wakati wa baridi. Umelipita paa kwa mbali. Jirani yetu, bibi mmoja Mmarekani mweusi aliyezaliwa na kukulia huku huku Georgia, aliniambia ulipandwa na mama aliyekuwa na nyumba hii zamani, ukiwa mche wa kubebwa kwenye ndoo. Ikifika Mei unatoa maua meupe makubwa kama sahani ya wali, na harufu yake ya limau inaingia mpaka chumbani.

Nikitoka zamu asubuhi, kabla sijaingia ndani, nakaa chini ya mti ule kwenye kiti cha plastiki. Wodini tunaona mengi, Mama, na sipendi kuwaingilia nayo watoto. Nayaacha pale, halafu naingia kuwaandaa kwenda shule.

Mambo yalianza Aprili, alipokuja mama mkwe kutoka Morogoro kukaa nasi. Sina ugomvi naye. Ni mama mwenye bidii, amenipunguzia kazi nyingi. Ila kila alfajiri yuko nje na ufagio. Anafagia asubuhi, jioni majani yamejaa tena. Na si majani laini. Ni mapana, magumu, upepo ukivuma yanakwaruza zege usiku mpaka unadhani kuna mtu uani. Baada ya majani yakaja maua yaliyonyauka rangi ya kahawia. Mama akawa anasema, "Mti gani huu, hauzai, hauliwi, kazi yake kuchafua tu." Mwezi wa sita alikusanya rundo akaliwasha moto karibu na shina, kama tulivyozoea nyumbani. Jirani wa upande wa pili akaita zimamoto. Gari likaja na ving'ora, watu wakatoka nje kuangalia, na mama siku ile hakula. Tangu hapo anasema mti una mkosi.

Halafu anataka bustani. Mchicha, bamia, sukuma wiki. Amenunuliwa udongo wa mifuko, akaumwaga chini ya mti juu ya mizizi ili apate matuta. Mchicha ukaota mwembamba, ukafa.

Mume wangu naye ana yake. Mizizi imeinua zege la njia ya gari na limepasuka. Na tangu kimbunga Helene cha Septemba 2024 hana amani kabisa. Binamu yake anayeishi Augusta aliangukiwa na mwaloni usiku, ukapasua paa juu ya chumba cha watoto, Mungu akawanusuru. Sasa akisikia huku kuna upepo anapiga simu kutoka barabarani: "Hamieni chumba cha nyuma."

Wiki iliyopita nikawasikia mezani. Kumbe alishamwahidi mama yake mti utakatwa Oktoba. Watu wa kampuni walikuja kuupima mimi nikiwa nimelala, wakasema dola 3,800 pamoja na kusaga kisiki. Nilipomuuliza akajibu, "Sikudhani utajali, ni mti tu." Nikasema hela ni nyingi. Akasema atalipa yeye. Nikakosa la kuongeza.

Isitoshe, majani ya upande mmoja yameanza kupata masizi meusi, na sisimizi wanapanda na kushuka shinani. Mama anasema mti unajifia wenyewe, sisi tunausaidia tu.

Nikipinga, nitakuwa mkwe anayethamini mti kuliko mama wa mume wake. Nikikubali, nitakuwa natoka kazini nakuta uwazi, na naogopa nitamchukia mama wa watu kimya kimya. Nikishinda mimi, yeye ameshindwa nyumbani kwa mwanawe. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Georgia

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako.

Nimeisoma barua yako nikaona malalamiko matatu yaliyorundikwa kwenye mti mmoja. Mama analalamikia uchafu na kukosa pa kulima. Mumeo anaogopa kwamba siku moja atapigiwa simu akiwa mbali aambiwe mti umewaangukia wanawe. Wewe unaogopa kupoteza mahali pako pa kupumzika, tena kwa uamuzi uliofanywa ukiwa umelala. Msumeno unaonekana kumaliza mawili kwa mpigo, ndiyo maana ahadi ilitoka haraka. Sina hakika kama yanaisha kweli, ndiyo maana nataka tuyaangalie moja moja.

Lakini kwanza nikuulize. Katika barua nzima sijaona mahali ulipomwambia mumeo kwamba unaupenda mti ule. Ulimwambia habari za hela, naye akakujibu habari za hela. Mtu anayelala njiani atajuaje kile kiti cha plastiki kipo pale kwa ajili gani? Kama ulishamwambia ila hukuniandikia, nisamehe. Kama hujamwambia, basi aliamua bila kujua kilichokuwa mezani. Kuumia kwa kutoulizwa ni haki yako, na lazima uliseme. Ila ukianza na hilo, atasikia lawama tu, na la mti halitafika. Mweleze kwanza unachokifanya pale asubuhi, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi.

Sasa Mama. Umesema alifika Aprili. Jani la magnolia hii hukaa mtini miaka kama 2, kisha huanguka, na mwanguko mkubwa huwa majira ya kuchipua, pale majani mapya yanapotoka. Huendelea kudondosha kidogo kidogo mwaka mzima, hilo sikufichi, na mwishoni mwa kiangazi yataanguka na yale makoni yenye mbegu nyekundu. Ila Mama ameukuta mti katika miezi yake mibaya kuliko yote. Hajauona Desemba, miti mingine ya mtaa ikiwa vijiti vitupu na huu umesimama kijani, na watu wa huko wakikata vitawi vyake kupambia milango kwa Krismasi.

Na ule ufagio wa alfajiri usiuone kama vita dhidi ya mti wako. Kwetu uwanja usiofagiwa humwaibisha mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni wewe. Huenda mama yule anakusitiri wewe mbele ya majirani. Kuna jambo linalonigusa hapa. Mpeleke kwa yule bibi jirani. Vijijini Georgia, hasa kwa Wamarekani weusi, kwa vizazi vingi nyumba ilikuwa na uwanja wa udongo mtupu uliofagiwa kwa mifagio ya vijiti vilivyofungwa pamoja, nyasi isiruhusiwe hata moja. Wanahistoria wengi huiunganisha desturi hiyo na Afrika Magharibi. Sitashangaa bibi yule akawa ameshika ufagio wa namna hiyo utotoni. Wewe utakuwa mkalimani. Mama aliyeaibishwa na zimamoto anahitaji mtu mzima mwenzake huko ugenini, na wewe na mumeo hamwezi kumpa hilo, maana ninyi ni watoto wake.

Moto wenyewe, mwambie kwa adabu, hautarudiwa. Katika kaunti zinazoizunguka Atlanta ni marufuku kuchoma majani na takataka za bustani kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30, kwa sababu ya hewa. Akijua kwamba ni sheria ya msimu inayombana kila mtu, aibu itampungua. Na moto karibu na shina huunguza gome, jeraha likaingiza ubovu.

Hofu ya mumeo naomba uiheshimu. Umeiandika kama kwamba anatafuta sababu ya kumridhisha mama yake. Mimi nimesikia baba aliyeona paa la ndugu yake limepasuka juu ya vitanda vya watoto. Helene iliangusha miti mingi mno Georgia, na watu walikufa ndani ya nyumba zao. Hofu hiyo huwezi kuiondoa kwa kumwambia mti una maua mazuri.

Unaweza kumletea habari za kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walifuatilia miti ya mijini baada ya vimbunga vingi, na magnolia hii wakaiweka katika kundi linalostahimili upepo vizuri zaidi. Baadhi ya mialoni, kama ule uitwao kwa Kiingereza water oak, iliangukia kundi la mwisho. Kwa hiyo mwaloni wa Augusta haukuambii lolote kuhusu magnolia yako. Lakini nawe usilishike hilo kama ngao. Mti wa jamii imara ukiwa umeoza ndani, au umekatwa mizizi upande mmoja, huanguka kama mwingine wowote. Pale Ikulu ya Marekani kulikuwa na magnolia inayosemekana ilipandwa na Rais Andrew Jackson kumkumbuka mkewe Rachel, aliyefariki Desemba 1828. Waliilea kwa nyaya na nguzo kwa miaka mingi. Aprili 2025 waliiondoa kwa sababu ya usalama, na mahali pake wakapanda mche uliotokana nayo. Waliupenda sana mti ule, na siku ilifika wakaona hautegemeki tena.

Kwa hiyo kuna swali ambalo hakuna mmoja wenu anayeweza kulijibu akiwa mezani: je, mti huu ni mzima? Aliyekuja kuupima alikuja kupima kazi ya kukata. Tafuta mtaalamu wa miti mwenye cheti cha ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti, na chagua anayelipwa kwa kukagua tu, asiye na faida uking'olewa au ukibaki. Ataangalia kitako cha shina kama kuna uyoga au nyufa, atagonga gome asikilize uwazi, ataangalia matawi makubwa yanavyoungana na shina. Mwombe aandike ripoti. Na panga siku mumeo yuko nyumbani, amuulize mwenyewe. Ila jiandae: anaweza kusema una kasoro. Ukimwita, mwite ukiwa tayari kusikia na hilo.

Kabla hajaja, kuna kitu kimoja kisisubiri. Ule udongo wa mifuko utolewe. Mizizi inayoilisha magnolia hukaa juu juu sana na husambaa mbali kupita kivuli chake. Ukiifukia, inakosa hewa, na mti hudhoofika polepole, dalili zikaja baadaye wakati umeshasahau chanzo. Utoeni kwa mikono, si kwa jembe, mpaka muone pale shina linapotanuka kuingia ardhini.

Masizi meusi yasikutishe kabla hujaangalia. Geuza jani, chunguza na vitawi vyenyewe. Ukiona vijinundu vilivyong'ang'ania kitawi, hao ni wadudu gamba. Wananyonya utomvu na kutoa majimaji matamu. Ukungu mweusi unaota juu yake, na sisimizi wanapanda kuyafuata. Mti mzima hauuawi na hilo kirahisi, na kuna mafuta ya bustani ya kupulizia. Mwonyeshe mtaalamu siku hiyo hiyo.

Tuseme mnaukata. Mumeo atalala, na hilo si dogo. Lakini ukuta wa magharibi utapigwa na jua la alasiri la Georgia, na bili ya kiyoyozi italisema. Bustani nayo haitapatikana siku ile ile. Pale kisiki kilipokuwa patajaa machujo na mizizi inayooza, na vikioza hunyonya naitrojeni ardhini, kwa hiyo mboga za msimu wa kwanza huwa za manjano na dhaifu. Mama anaweza kukatiwa mti akakosa mchicha bado. Tena ulizeni kibali, maana miji mingi eneo la Atlanta hairuhusu mti wa ukubwa huo ukatwe bila ruhusa, na umoja wa wenye nyumba wa mtaa wenu unaweza kuwa na masharti yake.

Tuseme unabaki. Zege bado limepasuka, na hapo kuna mtego. Fundi atawaambia akate mizizi amwage zege jipya. Mizizi minene ikikatwa karibu na shina, mtakuwa mmeifanya hofu ya mumeo iwe kweli kwa mikono yenu. Kipande kile kinaweza kuvunjwa kikawekwa kokoto au matofali yanayoweza kupangwa upya mizizi ikipanda. Ni gharama, na ni vizuri ilinganishwe na ile 3,800. Majani nayo hayataacha kudondoka. Nyasi chini ya magnolia haioti vizuri, kwa hiyo wengi huzungushia matofali duara pana wakaacha majani yawe matandazo ya mti wenyewe. Huoza taratibu mno. Ukiyapitishia mashine ya nyasi yakakatika katika, hutulia na hayapeperuki. Hivyo Mama anabaki na uwanja wa kufagia wenye mpaka unaoonekana, badala ya kufagia kusiko na mwisho.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huikimbilia, kukata kichwa cha mti ili uwe mfupi. Hiyo mimi ningeiogopa kuliko kuukata wote. Magnolia hufunga vidonda vyake polepole, ubovu huingia, na matawi yanayochipua pale juu hushika kwa ulegevu. Mtabaki na mti mbaya na wa hatari pia. Kupogoa tawi moja moja linaloelemea paa ni jambo jingine, na mtaalamu atawaambia lipi.

Mtu anaweza kukushauri ukate huu kisha upande mti mwingine mdogo. Upo, unaitwa Little Gem, majani yake ni madogo, na huanza kutoa maua ungali mchanga, wakati magnolia iliyoota kwa mbegu inaweza kuchukua miaka 15 na zaidi. Mahali pazuri mbali na paa na njia ya gari unafaa sana. Lakini nao hufika mita 6 na kupita, nao hudondosha majani, na kivuli cha kukalia hautakupa karibuni. Upokee ikiwa wewe ndiye umeutaka. Ukipewa kama cha kukunyamazisha, utakuwa unaumwagilia kwa kinyongo.

Umesema ukishinda wewe, Mama ameshindwa. Naliona hilo neno limekaa vibaya. Yeye hajaomba mti ufe kwa sababu ya kukushinda. Aliomba pa kupanda mboga, akaambiwa kwa vitendo kwamba pa kupanda ni pale kwenye kivuli tu. Hujaniandikia nyuma ya nyumba kuna nini. Mboga zinataka jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Kama upande wa mashariki au nyuma pako wazi, pigeni mbao matuta ya kuinuliwa huko, mbali na magnolia, maana mizizi yake ikisikia maji na mbolea huyafuata. Bamia msimu wake umeshakwenda, zisubirini joto la Mei. Sukuma wiki ni nyingine. Huko Georgia hupandwa kuanzia Agosti hadi Septemba, ikakubali baridi ya vuli vizuri. Kwa hiyo Mama anaweza kuwa na mboga zimeshika kabla Oktoba haijafika, mti ukatwe usikatwe, na mazungumzo ya mti yakafanyika yeye akiwa ameshapata chake.

Mwombe mumeo jambo moja kwa sasa: ile tarehe ya Oktoba isogezwe mpaka ripoti ya mkaguzi isomwe nanyi wote watatu. Humwambii avunje ahadi kwa mama yake. Na ikiwa kuna kumweleza Mama kwa nini imesogezwa, afanye mwanawe, si wewe. Niandikie mkaguzi akishapita, unieleze alichokikuta pale shinani.

Mama Mshauri